Kwa nini nasaba za Wamarekani weusi hukatikia mwaka 1870?

Kalamu Tulivu aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma habari za utumwa nchini Marekani, na kuna jambo moja ambalo waandishi wengi hulipitia haraka kana kwamba msomaji analijua tayari. Wanasema kwamba Mmarekani mweusi anayewatafuta wazee wake huenda vizuri, kizazi baada ya kizazi, mpaka sensa ya mwaka 1870, kisha njia inakatika ghafla, na watafiti wa nasaba wameipa hali hiyo jina la "ukuta wa 1870". Ninafahamu kwamba utumwa ulifutwa rasmi Desemba 1865, Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa, kwa hiyo sishangai kwamba sensa iliyofuata ndiyo iliyowaandika wote kama watu huru. Ila Marekani imekuwa ikihesabu watu wake kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na watumwa nao walihesabiwa. Sasa waliandikwaje hata leo wasionekane?

Naomba pia kujua kama ni kweli kwamba majina ya ukoo wanayoyatumia leo ni ya mabwana waliowamiliki wazee wao. Na la mwisho, ambalo nauliza kwa nia njema: suala hili lina uzito gani leo, ukiacha huzuni ya mtu kutomjua babu wa babu yake?

Mkutubi alijibu:

Ndugu Kalamu, walihesabiwa bila kutajwa. Katika sensa za 1850 na 1860 kulikuwa na madaftari mawili tofauti. Katika daftari la watu huru kila mtu aliandikwa kwa jina lake, wakiwamo Wamarekani weusi karibu 488,000 waliokuwa huru mwaka 1860, na ndiyo maana ukuta unaousema hauwazuii sana wazao wao. Daftari la pili lilikuwa la watumwa. Safu yake ya kwanza ilikuwa ya jina la mmiliki, na chini ya jina hilo karani aliteremsha mistari, kila mstari mtu mmoja: namba, umri, jinsia, rangi. Herufi B katika safu ya rangi ilikuwa ya mweusi, na M ya chotara. Zilifuata safu za kuonyesha kama mtu ametoroka, kama ameachwa huru, kama ni kiziwi, kipofu au mgonjwa wa akili, na mwaka 1860 ikaongezwa safu ya idadi ya nyumba za watumwa. Ukifungua ukurasa wa namna hiyo, mwanamke aliyelima, aliyezaa na aliyezika watoto utamsoma hivi: 1, 35, F, B. Basi. Mwaka 1860 watu 3,953,760 waliandikwa kwa mtindo huo, isipokuwa pale ambapo karani mmoja mmoja, kwa sababu zake mwenyewe, aliandika na jina.

Wala haukuwa uzembe wa makarani. Katiba ya 1787, ambayo haikulitaja neno mtumwa hata mara moja, iliagiza kwamba katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, idadi ya watumwa ihesabiwe kwa kiwango cha tatu ya tano. Majimbo yenye watumwa yalihitaji idadi yao ili yapate viti zaidi, na idadi haihitaji jina. Kwa upande wa nasaba, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa zamani: mwaka 1662 koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, kinyume na desturi ya Uingereza ambako mtoto alimfuata baba. Kwa sheria hiyo mtoto wa mtumwa alikuwa mali ya aliyemmiliki mama, hata kama baba ni bwana mwenyewe, na hivyo sheria haikuwa na haja ya kumjua baba. Ndoa za watumwa nazo hazikutambuliwa, kwa hiyo cheti cha ndoa hutakipata.

Hata hivyo, usidhani kwamba majina hayakuandikwa kabisa. Yaliandikwa, tena kwa uangalifu mkubwa, kila palipokuwa na fedha: katika wosia, orodha za mirathi, hati za mauzo, rehani na bima. Mmiliki aliyehitaji mkopo aliweka watu dhamana, na mkopeshaji hakuridhika na umri na herufi. Alitaka kujua ni nani hasa atakayemchukua deni lisipolipwa. Booker T. Washington, aliyekuja kuongoza chuo cha Tuskegee, anaonekana katika orodha ya mali za marehemu bwana wake huko Virginia mwaka 1861 kama mvulana Booker, thamani dola 400. Thomas Jefferson, rais wa tatu, alikuwa na daftari la shamba ambamo aliandika watumwa wake kwa majina, pamoja na mwaka wa kuzaliwa wa wengi wao, na nani amepewa blanketi na nani bado.

Jefferson huyo alifariki mwaka 1826 akiwa na madeni ya zaidi ya dola 100,000, na Januari 1827 ulifanyika mnada shambani kwake Monticello, Virginia, ambao tangazo lake lilitaja watumwa 130. Mhunzi Joseph Fossett alikuwa mmoja wa wanaume watano walioachwa huru katika wosia. Mkewe Edith, ambaye alikuwa amefunzwa mapishi ya Kifaransa katika jikoni la ikulu, hakutajwa, wala watoto wao hawakutajwa. Walinunuliwa na watu mbalimbali siku za mnada. Joseph alipata uhuru wake miezi michache baadaye na akautumia kuwakomboa jamaa zake mmoja baada ya mwingine. Mwanawe Peter, aliyeuzwa akiwa na umri wa miaka 11, alisubiri zaidi ya miaka 20. Tunazijua habari hizi kwa sababu deni la Jefferson lilikuwa na wadai wengi, na wadai hupenda karatasi.

Binti Hati alijibu:

Nakubaliana na Mkutubi, na sina la kuongeza kuhusu sensa. Kuhusu majina ya ukoo, naomba wenzangu tuwe waangalifu, maana ile kauli kwamba kila mtu mweusi wa Marekani anabeba jina la bwana wa mwisho aliyemmiliki mzee wake ni kweli nusu tu, na imewapoteza watafiti wengi. Wapo waliochukua jina hilo. Wapo waliochukua la bwana wa kwanza kabisa, yule aliyemmiliki bibi yao kabla ya familia kutawanywa, kwa sababu hilo ndilo lililowaunganisha na ndugu waliouzwa mbali. Wapo waliokuwa na ubini wao wenyewe uliojulikana kwa watumwa wenzao wakati mabwana hawana habari. Na wapo waliojichagulia. Booker aliyetajwa hapo juu hakujiita Burroughs, jina la familia iliyommiliki. Alipoanza shule aliona watoto wengine wana majina mawili na yeye analo moja, na mwalimu alipomuuliza akajibu kwamba anaitwa Booker Washington. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba mama yake alikuwa amempa pia jina la Taliaferro, akaliweka katikati.

Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinzani mashuhuri wa utumwa, alizaliwa Frederick Bailey, na Bailey lilikuwa jina la upande wa mama yake. Alipotoroka kutoka Maryland mwaka 1838 alijiita Johnson ili asikamatwe, kisha alipofika New Bedford, Massachusetts, akakuta akina Johnson wamejaa mji mzima, akabadili tena kuwa Douglass. Sojourner Truth wa jimbo la New York, mpinzani mwingine wa utumwa, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi, alizaliwa Isabella na akajipa jina jipya mwaka 1843. Huyo mama, kwa taarifa yenu, ndiye aliyekwenda mahakamani kumdai mwanawe Peter aliyeuzwa Alabama kinyume cha sheria, na mwaka 1828 akarudishiwa mtoto wake. Mwanamke mweusi aliyezaliwa mtumwa kumshinda mzungu mahakamani, mwaka 1828!

Majina ya Kiafrika nayo hayakufutika yote. Waakan wa Afrika Magharibi humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa, na katika hati za Marekani utayakuta majina hayo yameandikwa kwa masikio ya Kiingereza: Kojo, aliyezaliwa Jumatatu, akawa Cudjo, na Kofi wa Ijumaa akawa Cuffee. Baba wa Paul Cuffe, tajiri wa meli wa Massachusetts aliyefariki mwaka 1817, alikuwa Mwakan aliyeitwa Kofi, na mwana akalifanya jina la kwanza la baba kuwa ubini wa familia. Katika visiwa vya pwani ya South Carolina na Georgia, kwa watu wa Gullah, mtoto aliendelea kupewa jina la nyumbani pamoja na lile la Kiingereza. Mwanaisimu Lorenzo Dow Turner aliyafuata majina hayo huko katika miaka ya 1930 na akakusanya maelfu.

Mzee Hoja alijibu:

Nimewasoma kwa heshima, wanangu, na nimejifunza. Ila naona swali la tatu la Ndugu Kalamu limerukwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1865. Aliyekuwa mtumwa hayupo, aliyekuwa bwana hayupo, na kila taifa duniani lina dhuluma katika historia yake. Kama tatizo ni karatasi kukosekana, basi ni tatizo la wanahistoria. Kwa nini mjadala wa Marekani unageuka daima kuwa mjadala wa fidia, zaidi ya miaka 150 baadaye? Mbona wenyewe walioteswa hawakudai?

Mkutubi alijibu:

Shikamoo, Mzee Hoja. Walidai. Mwaka 1783 mwanamke aliyeitwa Belinda, aliyetekwa Afrika akiwa mtoto na kutumikishwa na familia ya Royall, alipeleka ombi kwa bunge la Massachusetts kwamba alipwe kutoka katika mali ya bwana wake aliyekimbia, na bunge likaamua apewe pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka. Agosti 1865, miezi michache baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kati ya serikali na majimbo ya kusini yaliyojitenga, Jourdon Anderson aliyekuwa akiishi Dayton, Ohio, alipata barua kutoka kwa bwana wake wa zamani wa Tennessee akimsihi arudi shambani. Jibu lake lilichapishwa magazetini. Alisema kwamba yeye na mkewe Mandy wangependa kwanza kuupima unyoofu wa bwana kwa kuomba mishahara yao ya nyuma: yeye miaka 32 kwa dola 25 kwa mwezi, Mandy miaka 20 kwa dola 2 kwa wiki, jumla dola 11,680, pamoja na riba, na bwana akate gharama za nguo, za daktari aliyekuja mara tatu, na za kung'oa jino la Mandy. Piga hesabu hiyo, mzee wangu, utaona inatimia hadi dola ya mwisho. Fedha hizo hazikuja.

Kuna waliolipwa, ingawa si watumwa. Aprili 1862 Bunge la Marekani lilipofuta utumwa katika mji mkuu wa Washington, serikali iliwafidia mabwana hadi dola 300 kwa kila mtumwa. Ili alipwe, bwana alijaza fomu yenye majina ya watu wake, umri wao, kazi wanazozijua na thamani anayowakadiria. Fomu hizo zipo hadi leo, na kwa mtafiti wa nasaba ni hazina. Watu wapatao 3,000 wana majina katika kumbukumbu za serikali kwa sababu fedha zilikuwa zikienda kwa waliowamiliki.

Kwa watu walioachwa huru mambo yalikwenda hivi. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la serikali aliamuru kwamba ardhi ya pwani kuanzia South Carolina hadi Florida igawiwe kwao kwa vipande visivyozidi ekari 40, na watu wapatao 40,000 wakahamia na kuanza kulima. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuirudisha ardhi hiyo kwa wenyewe wa zamani, wale waliopigana na serikali yake. Mwaka huohuo Mississippi na South Carolina zilitunga sheria za uzururaji, ambazo kwa Mississippi zilimlazimu mtu mweusi kuwa na ushahidi wa maandishi kwamba ana kazi. Asipokuwa nao hutozwa faini, na asipoweza kulipa hukodishwa kwa anayemlipia. Marekebisho ya 13 yenyewe yaliacha upenyo, kwa maana yalipiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai, na majimbo ya kusini yakaupitia upenyo huo kukodisha wafungwa kwa wenye migodi, reli na mashamba. Alabama iliacha mtindo huo mwaka 1928.

Waliojaribu kuweka akiba walikuwa na benki iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1865, Freedman's Savings Bank. Ilifilisika Juni 1874 kwa mikopo mibaya na uongozi mbovu, ikiwa na wateja zaidi ya 61,000 waliokuwa wakiidai karibu dola milioni 3. Miezi michache kabla, Douglass alikuwa amekubali kuwa rais wake bila kujua hali ilivyo, na akaiwekea dola 10,000 zake mwenyewe.

Tena baadaye, katika miaka ya 1890, Callie House wa Tennessee, mfua nguo aliyezaliwa mtumwa, alisaidia kuanzisha chama cha kudai pensheni kwa waliokuwa watumwa, kikapata wanachama kwa maelfu. Serikali haikujadili hoja yake. Ilimshtaki kwa ulaghai wa kutumia posta, na mwaka 1917 akafungwa jela. Matilda McCrear aliletwa Alabama mwaka 1860 akiwa mtoto mdogo katika meli ya Clotilda, ambayo iliingiza watu kwa siri zaidi ya miaka 50 baada ya uingizaji wa watumwa kupigwa marufuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda kwa miguu hadi mahakama ya Selma kudai fidia, akarudishwa mikono mitupu. Alifariki mwaka 1940. Mtu aliyezaliwa mwaka huo bado anaweza kuwa hai na kutusomea mjadala huu.

Sijagusa ramani za miaka ya 1930 ambazo taasisi ya serikali ilizitumia kupaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi kama maeneo hatari kwa mikopo ya nyumba. Hiyo ni mada yake yenyewe, na nikiianza hapa hatutalala.

Mzee Hoja alijibu:

Marahaba, mwanangu. Hilo la Washington sikulijua. Bado sioni ni nani atakayelipa leo na kwa kipimo gani, lakini kauli yangu kwamba hawakudai naiondoa.

Kalamu Tulivu alijibu:

Nawashukuru nyote. Sasa imebaki kwangu udadisi wa kiutendaji: anayeufikia ukuta huo huuvuka vipi? Au kwa wengi ndiyo mwisho?

Binti Hati alijibu:

Kwa wengi ni mwisho, ndugu yangu, ila si kwa wote. Ile benki iliyofilisika ndiyo imeacha rejesta nzuri kuliko zote, kwa sababu matawi mengi yalimtambua mteja kwa kumuuliza majina ya wazazi, ndugu, mke na watoto, na wakati mwingine hata jina la bwana na shamba alikotoka. Akiba ilipotea, majina yakabaki. Chanzo kingine ni mafaili ya pensheni ya wanajeshi weusi, ambao walikuwa takriban 179,000 katika jeshi la serikali wakati wa vita. Mjane aliyetaka pensheni alitakiwa athibitishe kwamba aliolewa, na kwa kuwa hakuna cheti, alileta majirani waliokuwa watumwa pamoja naye waape walikuwapo harusini, nani aliifungisha na kwenye shamba la nani.

Baadhi ya mauzo makubwa nayo yana orodha kamili. Mwaka 1838 Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, wa Maryland waliuza watu 272 kwenda Louisiana kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Kwa kuwa orodha ipo, wazao wao wamepatikana kwa maelfu, na mwaka 2016 chuo kikatangaza kuwapa upendeleo wa kudahiliwa.

Asiye na bahati ya hati kama hizo huanza na ukurasa wenyewe wa 1870. Chukua familia iliyoandikwa Mississippi: mama ana miaka 45, alizaliwa Virginia, mtoto mkubwa ana 26, naye Virginia, wanaofuata wote Mississippi. Hapo tayari unajua kwamba mama huyo alihamishwa kusini akiwa na mtoto mchanga au mdogo, kama takriban watu milioni moja waliouzwa au kuhamishwa kati ya 1790 na 1860 kufuata pamba, na kwa umri wa mtoto anayefuata unaweza kukadiria mwaka. Kisha wasome majirani, weupe kwa weusi, kwa sababu wengi hawakwenda mbali katika miaka mitano ya kwanza ya uhuru. Mzungu mwenye ardhi anayeonekana kurasa moja au mbili pembeni, mtafute katika daftari la watumwa la 1860, na chini ya jina lake tafuta mwanamke aliyekuwa na miaka 35.

Ukimpata yule wa "1, 35, F, B", usiandike jina bado, maana kwenye shamba lilelile wanaweza kuwapo watatu wa umri huo. Nenda kwenye jumba la kumbukumbu la wilaya, uliza rehani na mirathi za bwana huyo, na ujiandae kusoma mwandiko mbaya.